Ndau Kwa Mashimo ya Makonge

Katangi,
15 Julai 2001

Kwa Anko Bartholomew,

Naandika nikiwa nimekaa nje ya kanisa kwa sababu pale mlangoni hakupitiki. Watu wa kamati yako wamemaliza kung'oa maua yote ya ukutani, ile nyekundu, na sasa wako kwa ile imepandwa juu ya kaburi la mwinjilisti. Wamama wa maombi wamekuja na majembe. Wamesimama tu, lakini si ya kulima wamebeba.

Lakini salamu kwanza. Sisi tuko, Mungu anatubeba. Mwaitu, dada yako, goti bado inamsumbua, lakini mdomo haina shida na anakusalimia. Ile ng'ombe nyeusi imezaa, dume tena. Mahindi hakuna, uliona mwenyewe ukipita Pasaka bila kushuka kwa gari.

Sasa hii maneno ya kamati. Laban wa kamati yako alitangaza sokoni ati kuanzia sasa mimea ya kigeni hapana, ni ya kienyeji tu, na wewe ndiye umeleta hiyo sheria kutoka semina. Akasema barabara yote ya kuingia Katangi iwe na miti ya Ukambani. Watu wakapiga makofi. Halafu mzee mmoja akauliza, "Laban, na ile mti ya Krismasi iko mbele ya duka yako, imezaliwa Katangi?" Laban akasema, "Hiyo imeokoka." Watu wakacheka mpaka baraza ikaisha bila maombi.

Mimi sikusema kitu, unanijua. Lakini nikirudi nyumbani nimekuta makonge ya mwaitu imepakwa chokaa, mmoja mmoja, mstari yote. Nimeambiwa chokaa ni kusema itang'olewa. Makonge ya mikaratusi yako kule mtoni sijaona chokaa. Samahani, nimeandika makonge, nilitaka kusema miti. Miti ya mikaratusi.

Ni wewe umesema ipakwe, ama ni Laban amekosea shamba?

Mpwa wako,
Kaloki


Athi River,
9 Agosti 2001

Kwako mpwa wangu Kaloki,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mbele ya aunty yako, ambaye amefurahi kuona kwamba siku hizi unaandika. Shule uliacha mapema lakini mkono si mbaya. Hapa Athi River tunaendelea vizuri. Vumbi ya kiwanda ni ile ile. Binti yetu ameingia chuo cha ualimu, na mimi nimewekwa kwa kamati ya mazingira ya kanisa letu, halafu ile ya wafanyikazi, na sasa hii ya huko nyumbani. Mtu mmoja, kamati tatu. Mwaka kesho ni wa kura na watu wanajua nani anafanya kazi.

Kaloki, wewe ni kijana na hukuenda semina, kwa hivyo nitaeleza polepole. Nchi yetu imevamiwa. Mimea kutoka nje imekula ardhi, imefukuza nyuki, imefukuza hata mvua. Wafadhili wako tayari kusaidia sehemu ambayo itaonyesha mfano. Nimewaahidi Katangi. Sheria ni mbili tu, na naibu wa chifu amepiga muhuri. Ya kwanza, shamba lolote linaloguza barabara, mimea ya kigeni ing'olewe. Ya pili, mti wa kienyeji ukishapandwa, asiuguse mtu, hata yule aliyeupanda. Atakayekata atatoa fahali.

Makonge ni ya kigeni. Imeletwa na wazungu. Sikuchagua shamba la mama yako. Shamba limejichagua lenyewe kwa kuwa barabarani, na nyumba ya kiongozi lazima ianze. Mikaratusi ni kitu kingine, hiyo ni maendeleo, na mahali iko hakuna barabara.

Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi. Msalimie sana.

Anko wako,
Bartholomew M.


Katangi,
26 Agosti 2001

Kwa Anko,

Pole kwa kazi na kamati zote hizo. Hongera kwa mtoto kuingia chuo, mwaitu amepiga kigelegele peke yake jikoni. Ile ndama dume imekufa. Maji ya mto imekauka mapema mwaka huu, upande ule wa mikaratusi yako inakauka ya kwanza. Sisemi kitu, nakupa tu habari.

Nilisoma barua yako kwa mwaitu mara mbili. Halafu akaniambia nikuulize maswali, na mimi pia niko na yangu, usikasirike.

Mwalimu wa hapa alisema ati mahindi pia ilitoka nje, na maharagwe, na hata maembe. Sasa tukianza kung'oa tunaanza na gani? Muthokoi ya Jumapili tutapika na nini, na ukija utakula nini? Ng'ombe yako ile ya gredi, ya kizungu, hiyo semina ilisema nini juu yake? Na jina lako Anko, Bartholomew, hiyo ni ya hapa Yatta? Hilo la mwisho ni mwaitu ameuliza, si mimi. Nilikataa kuandika akasema ataangalia kama nimeandika, na hajui kusoma, lakini anajua kuangalia.

Sasa nakuja kwa ile kitu. Anko, makonge ile si ya barabara. Barabara inaguza mwisho wake tu. Makonge ile ni mpaka. Mwaitu aliporudi nyumbani na mimi mgongoni, umau, baba yenu, alimkatia hiyo sehemu, na wewe ulikuwepo, mwaitu anasema ulikuwa umevaa suruali ya shule. Umau alichimba mashimo na mkono wake, akapanda makonge, akachinja mbuzi, na wazee wakakaa wengine upande huu, wengine upande ule, wakala. Mwenye amekula kwa mpaka hawezi kusema kesho haoni mpaka. Ndiyo mambo yetu. Hakuna karatasi ingine mwaitu ako nayo. Karatasi yake ni hiyo mstari ya makonge.

Ikitoka, upande wako uko wapi na wetu uko wapi? Wazee wale wamekufa wote. Umebaki wewe.

Nangoja jibu. Mwaitu anangoja kuliko mimi.

Kaloki


Athi River,
30 Septemba 2001

Kaloki,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira itoke kwanza. Sisi hapa tuko wazima.

Mpwa hapimani maneno na mjomba wake. Hiyo unaijua hata bila shule. Baraka ya mtoto wa dada iko kwa mdomo wa mjomba, na ile kitu ingine pia iko kwa mdomo huo huo. Sitaandika zaidi.

Hizo habari za wazee na mbuzi ni za zamani sana na mimi nilikuwa mtoto. Siku hizi tuko na sheria. Na sisi ni familia moja, damu moja. Mpaka ya nini kati ya ndugu na dada? Mpaka ni ya watu wanaoshukiana. Mimi simshuku dada yangu Kamanthe.

Makonge ing'oke kabla ya mvua. Kama wewe utaona haya kung'oa, Muindi, mtu wangu wa shamba, atakuja na ng'ombe. Wageni watakuja Novemba na kamera, na sitaki waone chokaa kwa makonge, waulize ni nani amekataa.

Jina langu ni la Biblia.

Bartholomew M.


Katangi,
21 Oktoba 2001

Kwa Anko,

Tumefurahi kusikia mko wazima. Mwaitu goti imepata nafuu kidogo, nafikiri ni hasira inamtembeza. Wingu iko lakini mvua bado.

Makonge imetoka. Nimeng'oa mimi mwenyewe na mtaimbo, sikutaka Muindi aje na ng'ombe. Mwaitu alileta kiti akakaa kivulini akaangalia mpaka mwisho. Hakulia. Ungejua mwaitu ungeogopa hiyo zaidi. Kila shimo nikitoa makonge anasema, "Usifukie." Nikamaliza, mashimo iko wazi kama meno ya mzee.

Kitu ya kukuambia ni hii. Hata hatujalala vizuri, Muindi akaanza kulima upande wako. Ng'ombe zikifika kwa mashimo zinageuka. Siku iliyofuata zikageuka mbele ya mashimo kidogo, zikaingia kwetu. Nikamwangalia. Akasema, "Mbona unaniangalia hivyo, bubu? Ng'ombe haijui kusoma." Nikasema hata wewe. Hapana, sikusema, nilifikiria tu. Nikaenda nikasimama kwa shimo la kwanza mpaka akachoka kuniona akaenda kunywa uji.

Ingine ni ya kamati. Ile miche ya mukau uliahidiwa na wafadhili ililetwa na lori ikamwagwa nyuma ya duka ya Laban. Laban akasema kumwagilia ni kazi ya kamati, kamati ikasema ni kazi ya mwenyekiti. Imekufa yote. Mbuzi wa Laban ndio wamefaidika na wafadhili mpaka sasa. Barabara yote haina ua, haina mti, iko tu jua na watu wamenuna. Mbele ya kanisa imekuwa vumbi, mwinjilisti amebaki na kaburi uchi.

Laban anauliza wageni wataonyeshwa nini. Anaogopa kukuandikia, amesema niandike mimi. Tufanye nini?

Kaloki


Athi River,
29 Oktoba 2001

Kaloki,

Salamu kwa wote, hakuna nafasi ya mengi. Wageni wanakuja tarehe kumi na saba Novemba, ni Jumamosi, na siwezi kubadilisha.

Mwambie Laban ni mjinga. Mukau ikiwa imekufa, tafuteni kitu chochote cha kienyeji ambacho hakitaki maji na kinashika haraka. Ndau, ule mnyaa wa ua, inatosha. Chomeka tawi linaota. Wageni hawajui tofauti, bora iwe kijani na iwe ya Ukambani.

Mahali pawe pale gari linafika, na mashimo yawe tayari. Sitaki mzungu asimame juani akingoja mtu achimbe. Nitapanda wa kwanza mimi mwenyewe mbele ya kamera, wao watafuata.

Halafu chakula. Mama yako atoe mbuzi mmoja, nitarudisha Krismasi. Alete wazee wa kijiji wakae vizuri, isionekane ni sherehe ya watoto.

Umefanya vizuri kung'oa bila kelele. Nilijua utaelewa.

Anko wako,
Bartholomew M.


Katangi,
25 Novemba 2001

Kwa Anko,

Natumaini ulifika salama na suti ilikubali kutoka vumbi. Hapa mvua imenyesha vizuri tangu muondoke, watu wanasema ni wewe umeleta, Laban ndiye anasema.

Mwaitu anashukuru sana kwa ile siku. Anasema sherehe kama hiyo hajaona tangu umau. Nilimsomea barua yako ya Oktoba na mahali uliandika juu ya mbuzi nikafikiri atapiga kelele. Hakupiga. Alienda kwa zizi akachagua ile kubwa, ile alikuwa anaficha. Nilishangaa wewe hukushangaa.

Tulifanya vile uliandika yote. Mahali gari inafika na mashimo iko tayari ni hapo tu makonge ya mwaitu ilitoka, Katangi nzima. Laban alisema hata kama iko ingine, nani atachimba na hii jua? Nilienda kukata matawi ya ndau kule kilimani na punda mzima, nikapanga kila shimo na tawi lake.

Anko, ulipendeza. Suti, gambuti, glavu nyeupe kama ya bendi. Uliposhika ndau ya kwanza ukaweka kwa shimo la kwanza, yule mama mzungu akasema ngoja, kamera haijakamata, ukatoa ukaweka tena. Mara mbili. Wazee wakaangaliana. Mzee mmoja akauliza mwaitu kwa sauti ya chini, "Kamanthe, huyu ndugu yako anajua anafanya nini?" Mwaitu akasema, "Ameenda semina."

Halafu mkapanda, Laban akapanda, naibu wa chifu akapanda, mstari ikajaa mpaka mwisho. Na mwaitu mwenyewe alipanga viti. Wengine upande huu wa ndau, wengine upande ule. Wewe akakuwekea kiti ya mgeni wa heshima pale pale kwa mstari, mguu moja kwako mguu moja kwetu. Ukakula. Ulikula vizuri, Anko, uliomba mbavu ingine.

Wageni walipenda sana ile ua. Yule kijana wa kamera aliniuliza inaitwa nini nikamwonyesha mwaitu, akamuuliza. Mwaitu akamwambia inaitwa mpaka wa Kamanthe. Akaandika hivyo.

Muindi siku hizi ng'ombe zake zinageuka vizuri.

Kaloki


Athi River,
6 Januari 2002

Kaloki,

Mwaka mpya. Krismasi sikuweza kufika kwa sababu ya kazi. Aunty yako yuko, watoto wako.

Picha zimekuja. Mimi niko kwa ile ya kwanza, lakini wameandika kitu chini ambacho hakikutoka kwangu. Nimewaandikia wakirekebishe.

Nani alichagua mahali pale? Nauliza tu. Kulikuwa na barabara nzima. Na wale wazee watatu ambao siku hizi wanasema maneno sokoni ati mimi nimeapa, waambie mimi nilikula nyama, sikuapa. Mtu akila nyama amekula nyama. Laban ananiandikia ati watu wanasema nimefanya kitu cha maana sana kwa dada yangu na watanipigia kura. Sijui ni kitu gani wanasema nimefanya.

Nimefikiria na naona ndau si mti mzuri wa kuonyesha. Haina kivuli, haina matunda. Muindi atapita hapo wiki ijayo kupunguza matawi kidogo. Msimsumbue. Wewe nenda Wamunyu siku hiyo, kuna binamu yangu anachonga vinyago anataka kijana wa kumsaidia. Ni kazi nzuri na haitaki kuongea.

Kuhusu mbuzi, bado nakumbuka.

Bartholomew M.


Katangi,
20 Januari 2002

Kwa Anko Bartholomew,

Mwaka mpya na kwenu pia. Mwaitu mzima, mimi mzima. Ng'ombe nyeusi iko na mimba tena, tunaomba iwe jike. Asante kwa ile kazi ya Wamunyu. Nilifunga begi kabisa, halafu mwaitu akaniambia nikae hiyo wiki, nikakaa.

Umeuliza nani alichagua mahali. Niliangalia barua yako ya Oktoba nikaona ni wewe.

Sasa Muindi. Amekuja leo asubuhi kabla ya watu kuenda kanisani. Hakuja na makasi ya kupunguza. Alikuja na panga na mnyororo wa kuvuta. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya choo naangalia, sikutoka, nilitaka kwanza nione kama atakata matawi ama atakata chini. Alikata chini. Alikata ile yako, ile ya kwanza.

Anko, wewe ulipanda na glavu, kwa hivyo pengine umesahau, umekaa mjini siku nyingi. Lakini Muindi ni mtu wa hapa. Mtoto wa hapa akiwa bado anatambaa ameshaambiwa ndau usiipige na panga ikiwa imeshiba mvua. Maziwa yake, ile utomvu ya kuunguza, iliruka kama ya ng'ombe imepigwa teke. Ikamwingia macho yote mbili. Akapangusa na mkono, na mkono ilikuwa nayo pia. Nguruwe ikichinjwa inalia kwa adabu kuliko vile alilia.

Nikatoka. Nikamshika asianguke kwa mashimo. Mwaitu akamwosha na maji ya mtungi yote, halafu na maziwa ya mbuzi, huku anamuuliza pole pole, "Muindi, baba, ni nini ilikutuma?" Akasema ni Anko. Akasema hata panga umetuma wewe, hata mnyororo, na ati ulimwambia aseme ni ng'ombe imevunja. Wamama wa maombi walikuwa wanapita wakiwa na nguo nyeupe, wakasimama. Halafu Laban. Halafu wale wazee watatu. Mwaitu hakuita mtu hata mmoja, ni Muindi alikuwa anaita.

Mzee mmoja akasema mkono uliopanda ndio umetuma panga, kwa hivyo shimo hilo litajazwa tena na mkono ule ule, na mbuzi itachinjwa tena, na safari hii si ya mwaitu. Laban akasema sheria ya pili iko wazi, ni fahali. Wakaanza kubishana kama ni mbuzi, ama ni fahali, ama ni zote mbili. Nimewaacha wakiwa kwa zote mbili. Wamekubaliana uje kabla ya mvua ya Machi, na usivae glavu.

Ndau yako mwaitu ameichomeka tena, ile tawi ilikatwa. Inashika haraka, ulisema ukweli.

Lazima nikomee hapa niende. Namshika Muindi mkono nimpeleke dispensari sababu nesi sasa ametoka kanisani, na Muindi hawezi kuona njia. Mdomo iko sawa. Tangu asubuhi inataja jina lako kwa kila mtu anapita, na tukifika soko ni siku ya watu.

Mpwa wako,
Kaloki